SOMO LA MATAWI: Shilingi ya Kenya na Shilingi ya Tanzania, kutoka moja kwa moja hadi ishirini kwa moja



Somo la safari hii linahusu kubadilisha fedha. Wengi wakisikia neno hilo husema, "Hayo ni mambo ya mabenki na mawaziri, yetu sisi ni mshahara." Lakini mshahara ndiyo fedha yenyewe. Thamani ya shilingi ikishuka, mshahara umepunguzwa, ijapokuwa karatasi ya malipo inaonyesha tarakimu zile zile. Unapunguzwa bila meneja kukuita ofisini, bila barua, na bila kikao cha tawi. Ndiyo maana hapana budi tujifunze jambo hili.

Somo limeandikwa lisomwe kwa sauti katika mikutano ya matawi. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya tu, zile za shule ya msingi. Mwandishi naye elimu yake ni hiyo hiyo, kwa hiyo asiogope mtu. Chukueni kalamu na karatasi.

Tumechagua shilingi ya Kenya na ya Tanzania kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Kwa miaka mingi zilikuwa sawa: shilingi moja kwa shilingi moja. Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikinunua shilingi kati ya 16 na 22 za Tanzania. Tuone ilivyotokea, na nani alilipa.

1. BEI YA FEDHA NI NINI?

Fedha ya nchi moja huuzwa na kununuliwa kwa fedha ya nchi nyingine, kama gunia la mahindi linavyouzwa sokoni. Bei hiyo inaweza kupangwa na serikali, au kuachiwa soko. Kwa nchi zetu, bei ya kila shilingi huhesabiwa kwanza kwa dola ya Marekani, na zamani ilihesabiwa kwa pauni ya Kiingereza. Ukitaka kujua shilingi moja ya Kenya ni shilingi ngapi za Tanzania, chukua shilingi za Tanzania zinazonunua dola moja, gawanya kwa shilingi za Kenya zinazonunua dola hiyo hiyo. Basi, hesabu yote ni hiyo.

Mfano: mwaka 1990 dola moja ilikuwa wastani wa shilingi 195 za Tanzania, na shilingi 22.90 za Kenya. Gawanya 195 kwa 22.90. Jibu ni kama 8 na nusu. Mwaka huo shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi 8 na senti 50 za Tanzania.

2. RUPIA INAONDOKA, SHILINGI INAINGIA

Kabla ya shilingi, fedha ya huku kwetu ilikuwa rupia. Katika Kenya rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza rupia ilipanda thamani, na mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaifunga kwa bei mpya: rupia 10 kwa pauni moja. Kisha ikaletwa florini, na baada yake shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi 20 kwa pauni. Fedha hiyo ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London. Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia.

Sasa angalieni mabadiliko ya rupia yalivyomgusa mfanyakazi. Mlowezi wa Kenya aliuza kahawa na katani yake London kwa pauni, akalipa madeni na mishahara Kenya kwa rupia. Zamani pauni 100 zilimpatia rupia 1,500. Kwa bei mpya zilimpatia rupia 1,000 tu. Kwake yeye, deni na mishahara vilikuwa vimepanda kwa nusu. Deni la benki hakuweza kulikata. Mshahara wa Mwafrika aliona anaweza. Mwaka 1921, wakati bei za mazao nazo zimeanguka duniani, waajiri wa kizungu waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi wakati huo ilikuwa imepandishwa.

Theluthi moja haikutoka hewani. Ukitoka 15 ukaenda 10 umepunguza theluthi moja. Yaani hasara yote ya kubadilisha fedha ilichukuliwa kutoka kwa mlowezi ikawekwa juu ya kichwa cha kibarua.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu serikalini Nairobi, aliongoza mikutano ya kupinga upunguzaji huo, kodi na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Polisi wakapiga risasi, na zaidi ya watu 20 wakauawa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru aliyewatia wanaume moyo. Kwa hiyo mapambano ya kwanza makubwa ya mshahara katika mji huo yana mizizi yake katika bei ya fedha. Anayesema mambo ya sarafu hayamhusu mfanyakazi, aelezwe habari hii.

3. BENKI TATU, SHILINGI TATU, THAMANI MOJA

Baada ya Uhuru, Tanganyika, Kenya na Uganda ziliendelea kutumia shilingi moja ya Bodi. Makao ya Bodi yalihamishwa kutoka London kwenda Nairobi mwaka 1960. Lakini Bodi haikuwa benki kuu. Kazi yake ilikuwa kutoa shilingi mpya kila ilipopokea pauni, basi. Serikali changa zilizotaka kupanga uchumi wake na kukopesha wakulima na viwanda ziliona mikono imefungwa. Mwezi Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itaanzisha benki kuu yake.

Mwaka 1966 benki tatu zilifunguliwa na noti mpya zikatolewa: Tanzania mwezi Juni, Uganda mwezi Agosti, Kenya mwezi Septemba. Shilingi tatu zilikuwa na thamani moja, shilingi 7 na senti 14 kwa dola. Noti ya Kenya ilipokelewa Tanzania kwa thamani yake kamili, na ya Tanzania ilipokelewa Kenya vivyo hivyo. Mfanyakazi wa Holili aliweza kununua Taveta kwa noti ya mshahara wake, na wa Namanga hakujali yuko upande gani wa kizuizi.

Mwezi Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni. Nchi zetu tatu zilikataa kuifuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa shilingi zetu kuachana na pauni, na zilifanya hivyo kwa pamoja. Mwezi Desemba mwaka huo huo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Kampala mwezi Juni, ulianza kufanya kazi.

Lakini nyufa zilikuwapo. Kenya iliuza bidhaa nyingi kwa majirani kuliko ilivyonunua kwao. Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwezi Februari 1967 na kutaifisha mabenki. Wenye fedha walioogopa siasa hiyo walizipeleka Nairobi. Mwaka 1970 Uganda iliweka vizuizi vya kupitisha fedha hata kwa majirani zake, na mwaka 1971 Kenya na Tanzania nazo zikafanya hivyo. Tangu hapo thamani ilikuwa moja kwenye vitabu, lakini noti haikuwa huru tena kuvuka mpaka.

Mwezi Oktoba 1975 nchi zote tatu ziliacha kufunga shilingi zao kwenye dola, zikazifunga kwenye hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi 9.66 kwa kila kipimo kimoja cha hesabu hiyo. Hilo nalo lilifanywa kwa pamoja. Ndilo lilikuwa karibu la mwisho.

4. MPAKA UNAFUNGWA

Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa. Shirika la Reli, la Ndege, la Bandari, la Posta na Simu, yote yaligawanyika. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa mkataba wa Arusha wa mwezi Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht kutoka Uswisi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ilikubaliwa pia kwamba kila serikali italipa pensheni za raia wake.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye moyo wa somo letu.

Tuchukue mfanyakazi wa reli au posta aliyestahili shilingi 10,000 mwaka 1977. Mwaka huo dola ilikuwa kama shilingi 8 na senti 30. Gawanya: haki yake ilikuwa kama dola 1,200. Sasa tuseme amekaa Tanzania, amelipwa shilingi zile zile 10,000 mwaka 1990, dola ikiwa shilingi 195. Gawanya tena: ni kama dola 51. Karani wa malipo atasema, "Mzee, umelipwa yote." Kwenye karatasi ni kweli. Lakini kwa kila dola 100 za haki yake, mzee amepokea kama dola 4. Dola si kipimo kamili cha maisha ya mtu, lakini bei za dukani zilipanda kwa namna hiyo hiyo, kila mtu mzima wa miaka hiyo anakumbuka.

Huu si mfano wa kubuni matatizo. Maelfu ya wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya waliokuwa Tanzania walidai haki zao kwa miaka karibu thelathini. Mwaka 2005 yalifikiwa makubaliano na Serikali mbele ya Mahakama Kuu, na hata baada ya malipo kuanza, wengi waliendelea kulalamika juu ya hesabu. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Katika madai ya fedha, kuchelewa ni kukatwa.

5. BEI YA BENKI NA BEI YA MAGENDO

Angalieni sasa jedwali. Ni wastani wa kila mwaka kwa bei ya benki. Tarakimu ya kwanza ni shilingi za Tanzania kwa dola moja, ya pili ni shilingi za Kenya kwa dola moja, na ya tatu ni shilingi za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya.

1970: 7.14 – 7.14 – 1.00
1978: 7.71 – 7.73 – 1.00
1981: 8.28 – 9.05 – 0.91
1983: 11.14 – 13.31 – 0.84
1985: 17.47 – 16.43 – 1.06
1986: 32.70 – 16.23 – 2.01
1987: 64.26 – 16.45 – 3.91
1990: 195.06 – 22.91 – 8.51
1993: 405.27 – 58.00 – 6.99
1995: 574.76 – 51.43 – 11.18

Someni mstari wa 1983 mara mbili. Kwa bei ya benki, mwaka 1983 shilingi ya Tanzania ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya Kenya! Shilingi moja ya Kenya ilinunua senti 84 tu za Tanzania. Je, Tanzania ilikuwa na neema kuliko Kenya mwaka huo? Wazee watacheka. Huo ndio mwaka wa kupanga foleni kwa sabuni na sukari, mwaka ambao Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi.

Sababu ni nyingi, nazo zilikuja kwa mfululizo. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Neema ya kahawa ya 1976 na 1977 ilipita. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin viligharimu fedha nyingi za kigeni. Mazao ya kuuza nje yalipungua. Kenya, iliyopata shida za mafuta hizo hizo, ilishusha shilingi yake mara kadhaa kati ya 1981 na 1982. Tanzania ilishusha kidogo kidogo, na Mwalimu Nyerere alibishana kwa muda mrefu na Shirika la Fedha la Kimataifa, akiona kwamba kushusha thamani kwa amri ya wageni ni kumtwisha mnyonge mzigo.

Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini bei ya serikali ikikaa mbali na bei ya soko, bei ya pili huzaliwa gizani. Kufikia 1985 dola iliyokuwa shilingi 17 benki ilinunuliwa kwa magendo kwa karibu mara nane ya bei hiyo, au zaidi. Mwenye kibali cha kununua dola benki kwa 17 aliweza kuagiza mali na kuiuza kwa bei ya ulanguzi, akatajirika bila kutoa jasho. Mkulima wa kahawa alilipwa kwa hesabu ya 17. Mfanyakazi alilipwa mshahara wa bei ya benki, akanunua sabuni ya bei ya magendo. Kwa hiyo bei ya chini kwenye vitabu haikumlinda mnyonge. Ilimlinda mwenye kibali.

Kipimo chetu kiwe unga. Katika bajeti ya 1984 kima cha chini cha mshahara mjini kilipandishwa kutoka shilingi 600 hadi 810. Wakati huo huo ruzuku ya unga wa sembe iliondolewa, na bei ya kilo ikatoka shilingi 2.50 hadi 8. Fanyeni hesabu. Shilingi 600 kwa 2.50 ni kilo 240. Shilingi 810 kwa 8 ni kama kilo 101. Nyongeza ya shilingi 210 ilimwacha mtu na unga pungufu ya nusu ya ule wa mwanzo. Ni kweli kwamba unga wa shilingi 2.50 mara nyingi haukupatikana dukani. Hata hivyo hesabu inatufundisha: usishangilie nyongeza kabla hujaigawanya kwa bei ya unga.

6. KUANGUKA KWA SHILINGI YA TANZANIA, NA ZAMU YA KENYA

Mwaka 1986, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa madarakani tangu Novemba 1985, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwezi Juni shilingi ilishushwa kutoka 17 hadi 40 kwa dola, na ikaendelea kushuka kila mwaka. Mistari ya 1986 hadi 1990 inaonyesha. Katika miaka minne tu shilingi ya Kenya ilitoka kununua shilingi 2 za Tanzania hadi kununua 8 na nusu.

Tuseme haki: bidhaa zilirudi madukani, foleni zikaisha, na mwenye zao la kuuza nje alipata shilingi nyingi zaidi. Lakini mshahara ulipanda ngazi huku bei zikipanda lifti. Mfanyakazi wa mjini alianza kufuga kuku, kulima bustani na kuuza maandazi ili mwezi ufike mwisho. Mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa, na bei ya magendo ikakosa kazi.

Ndugu wa Kenya wasidhani wao walipona. Someni mstari wa 1993. Mwaka 1992 dola ilikuwa wastani wa shilingi 32 za Kenya. Mwaka uliofuata ikawa 58. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu mwishoni mwa 1991, fedha nyingi zilimwagwa wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992, na kashfa ya Goldenberg ilichota fedha za umma kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje. Bei nchini Kenya zilipanda kwa karibu asilimia 46 katika mwaka wa 1993 peke yake. Mtu ambaye mshahara wake haukuongezwa mwaka huo alipoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake ya kununua. Theluthi moja ile ile ya 1921, safari hii bila mlowezi.

7. KUTOKA HAPO HADI SIKU HIZI

Mwaka 2000, mwaka ambao Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama shilingi 10 na nusu za Tanzania. Mwaka 2010 ilikuwa kati ya 17 na 18. Mwaka 2020 ilikuwa kama 21 na nusu. Kisha mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilianguka hadi kupita 150 kwa dola, na uwiano ukarudi chini hadi karibu 16 mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2024 ya Kenya ikapata nguvu tena, ya Tanzania ikalegea, na uwiano ukapanda hadi karibu 20. Kwa hiyo gurudumu hili huzunguka pande zote mbili.

Nchi wanachama zilitia sahihi mwaka 2013 itifaki ya kuwa na sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo ulipita bila sarafu hiyo. Vyama vya wafanyakazi havina budi kufuatilia mazungumzo hayo, kwa sababu siku shilingi zikiunganishwa, mishahara, akiba na pensheni vyote vitageuzwa kwa bei fulani, na bei hiyo itaamuliwa na watu waliokaa mezani.

8. MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kudhani wingi wa tarakimu ndio umaskini au utajiri. Shilingi moja ya Kenya kununua 20 za Tanzania hakumfanyi Mkenya tajiri mara ishirini. Mshahara wa Tanzania nao huhesabiwa kwa tarakimu kubwa zaidi. Uganda mwaka 1987 ilifuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Kufutwa kwa sifuri peke yake hakukumpa mtu unga zaidi.

Kosa la pili ni kulinganisha mishahara ya nchi mbili kwa kuigeuza kwa bei ya benki tu. Mwajiri hupenda hesabu hiyo. Nairobi husema, "Dar es Salaam wanafanya kazi hii kwa bei nafuu." Dar es Salaam husema kinyume chake bei ikigeuka. Ninyi ulizaneni kwa kipimo hiki: ni saa ngapi za kazi zinanunua kilo moja ya unga, lita moja ya mafuta ya kupikia, na kodi ya chumba kimoja cha mwezi? Tawi la Mombasa na tawi la Tanga yakibadilishana majibu hayo, hakuna atakayeyagombanisha.

9. LA KUFANYA KATIKA MKATABA

Nitoe mfano kutoka kazini. Madereva wa kampuni moja ya malori wanaovuka Namanga walikuwa na posho ya kulala nje ya shilingi 32,000 za Tanzania kwa usiku. Wakati ilipopangwa, shilingi moja ya Kenya ilikuwa 16, kwa hiyo dereva alipata shilingi 2,000 za Kenya: chakula, kitanda na mlinzi wa lori. Uwiano ulipofika 20, posho ile ile ilimpatia 1,600. Kwa safari ya siku tano alipoteza shilingi 2,000 za Kenya, yaani usiku mmoja mzima wa kujilipia mwenyewe. Mwajiri alijibu kwamba hakupunguza hata senti. Madereva walimwonyesha hesabu hii kwenye karatasi moja. Kikao cha pili kilikubali kwamba posho ya usiku wa Kenya itajwe kwa shilingi za Kenya. Hawakugoma hata siku moja.

Kwa hiyo, kila tawi lenye wanachama wanaovuka mpaka, na hata lisilo nao, lipeleke haya katika mkataba wa hali bora:

Kwanza, posho ya safari itajwe kwa fedha ya nchi ambako itatumika.

Pili, kama malipo yanageuzwa, mkataba utaje bei ya benki gani na ya tarehe gani. Tarehe iwe ya siku ya kulipwa, isiwe ya siku ya kutia sahihi.

Tatu, mkataba wa miaka miwili au mitatu uwe na kifungu cha kufungua mazungumzo ya mshahara bei za vitu zikipita kiasi mlichokubaliana.

Nne, madai yaliyocheleweshwa, hasa kiinua mgongo na pensheni, yadaiwe pamoja na fidia ya kuchelewa. Wakumbukeni wazee wa Jumuiya.

Tano, katibu wa tawi aweke daftari. Kila mwisho wa mwezi aandike bei ya dola, bei ya shilingi ya jirani, na bei ya unga, mafuta, nauli na mkaa. Daftari la mwaka mmoja linashinda hotuba kumi mezani kwa mwajiri.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Mwaka 1921 nani alipata hasara ya kubadilisha fedha kwanza, na nani alilipa mwishowe? Je, mnaona jambo kama hilo mahali penu pa kazi?

2. Mshahara wenu wa miaka mitano iliyopita ulinunua kilo ngapi za unga? Wa sasa je?

3. Kwa nini mwaka 1983 bei ya benki haikuonyesha hali halisi ya mfanyakazi wa Tanzania?

4. Mwanachama anastahili shilingi 500,000 za Tanzania, na anaishi Kenya. Mtageuza kwa bei ya 16 au ya 20? Fanyeni hesabu zote mbili, mwone tofauti.

5. Mkataba wenu unataja tarehe na benki ya kubadilishia fedha? Kama hautaji, nani atapeleka pendekezo, na lini?

Majibu ya swali la pili yaandikwe na kutumwa kwa matawi ya nchi jirani. Fedha zetu ziliachana. Sisi hatuna sababu ya kuachana.

Umoja ni nguvu.